Kudai fidia baada ya ajali ya lori Kenya, hatua kwa hatua

Familia zinazokuja kwenye ofisi yetu ya mawakili baada ya lori kuua au kulemaza mtu wao huuliza kwanza watalipwa pesa ngapi. Mimi huwauliza: lori lenyewe ni la nani? Nyuma ya lori moja kuna dereva, mwenye kichwa (sehemu ya mbele yenye injini), mwenye trela, benki iliyokopesha pesa za kulinunua, mwenye mzigo, na kampuni ya bima moja au mbili. Madai mengi ninayoyaona yakifa mapema huuawa na jina lisilo sahihi au nambari iliyoachwa. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa zaidi kwenye karatasi za mwezi wa kwanza, maana huko ndiko watu wanakoumia mara ya pili.

Hatua ya 1: Hospitali na kituo cha polisi

Matibabu kwanza, hilo halina mjadala. Ila mtu mmoja wa familia ahakikishe daktari wa siku ile ile ameandika kwamba ni ajali ya barabarani, tarehe yake, na kila jeraha, hata maumivu ya shingo yanayoonekana madogo kando ya mguu uliovunjika. Jeraha linalojitokeza kwenye karatasi baada ya miezi mitatu, wakili wa bima atasema ulilipata kwingine. Weka picha za eksirei, karatasi za kuruhusiwa kutoka hospitalini na kila risiti. Gharama ulizolipa huthibitishwa kwa risiti, na mahakama ni kali hapo. Pesa ulizotuma kwa M-Pesa kulipia ambulensi au gari la kukupeleka kliniki, chapisha taarifa yake na uiweke.

Kituoni, chukua nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), fomu ya P3 ya kuthibitisha majeraha (hailipiwi), na baadaye abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wao wa ajali. Usiondoke kwenye kaunta kabla hujaisoma abstrakti hiyo mstari kwa mstari. Jina lako liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Jina la dereva liwepo, la mwenye gari liwepo, kampuni ya bima na nambari ya cheti cha bima viwepo. Kisha tazama nambari za gari. Kichwa na trela husajiliwa mbalimbali. Nambari ya trela huanza na herufi Z. Mara nyingi abstrakti hutaja kichwa peke yake. Ikiwa trela ndiyo iliyochomoka au kuangukia matatu, na ni ya kampuni nyingine yenye bima nyingine, umeshampoteza mdaiwa wa maana. Omba iongezwe papo hapo, wakati afisa anayechunguza bado anaikumbuka ajali.

Hatua ya 2: Mtafute mwenye lori wa siku ya ajali

Abstrakti pekee haitoshi kumthibitisha mwenye gari mtu akibisha. Omba rekodi za usajili kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, za kichwa na za trela, na uombe zionyeshe mwenye gari *kwa tarehe ya ajali*. Malori huuzwa upesi baada ya ajali mbaya. Rekodi ya leo inaweza kukupa jina la mtu aliyenunua chuma kilichokunjika na hajui lolote.

Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinasema aliyesajiliwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Hayo maneno ya mwisho yana uzito. Lori la mkopo huwa na jina la benki pamoja na la kampuni ya uchukuzi, na benki itasema haikuwa na usukani wala faida ya safari ile. Wakati mwingine lori limeuzwa na logibuku (hati ya usajili wa gari) haijabadilishwa. Ndiyo sababu tunawashtaki pamoja aliyesajiliwa, aliyekuwa akilitumia lori kwa biashara yake, na dereva. Ukimshtaki dereva peke yake utashinda kesi dhidi ya mtu ambaye huenda hana kitu.

Hatua ya 3: Jua sheria inakuweka wapi

Tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoacha njia kwenye makutano ya Londiani, zaidi ya watu 50 walikufa. Miongoni mwa waliogongwa walikuwemo wafanyabiashara wa kando ya barabara na abiria wa matatu. Katika ajali ya namna hiyo, watu waliolala wodi moja wanaweza kuwa na njia tofauti kabisa za kudai.

Mtembea kwa miguu, mchuuzi, mwendesha bodaboda, abiria wa gari jingine: nyinyi ni watu wa tatu, na bima ya lazima chini ya Sura ya 405, sheria ya bima ya magari, imewekwa kwa ajili yenu. Abiria wa matatu iliyogongana na lori asijitie kuamua nani alikosea. Tunawashtaki wote wawili, na mahakama itagawa lawama.

Taniboi (msaidizi wa dereva) na dereva wa lori hilo wana njia nyingine. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ile ambayo wengi huiita WIBA, inawapeleka kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na dai liwasilishwe ndani ya miezi 12. Mahakama ya Juu ilithibitisha njia hiyo Desemba 2019, kwa hivyo usikimbilie kortini dhidi ya mwajiri wako. Lakini kama aliyekosea ni dereva wa gari jingine, huyo unaweza kumshtaki kama mtu mwingine yeyote. Nawahurumia sana mataniboi. Wengi hawana hata barua ya kazi, na mwajiri huwa mwepesi wa kusema hakuwajua. Jumbe za simu za kupangiwa safari na malipo ya M-Pesa kila wiki vimewahi kusaidia kuonyesha ajira.

Aliyepewa lifti ndani ya lori ndiye mwenye hali ngumu zaidi. Sheria haimlazimishi mwenye lori la mizigo kumkatia bima mtu wa aina hiyo, na kampuni ya bima itakataa kulipa. Dai lipo, ila litamlenga mwenye lori mwenyewe.

Hatua ya 4: Zuia ushahidi usipotee

Katika wiki za mwanzo, wakili aiandikie kampuni ya uchukuzi akitaka ihifadhi rekodi za kidhibiti mwendo, data za kufuatilia gari, kitabu cha matengenezo, na karatasi za mzigo. Malori makubwa hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kidhibiti mwendo huhifadhi kumbukumbu. Lori zima pamoja na mzigo halifai kuzidi tani 56, hata likiwa na ekseli saba, na tiketi ya mizani ya Mariakani, Athi River, Gilgil au Webuye huonyesha uzito na saa lilipopita. Lori lililopita Mariakani, karibu na Mombasa, alfajiri na kugonga watu Salgaa, karibu na Nakuru, usiku wa manane huibua swali la dereva alilala saa ngapi.

Chanzo kimoja husahaulika: mizigo inayopita nchini kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini au Kongo hufungwa sili ya kielektroniki ya KRA (mamlaka ya ushuru) inayofuatiliwa njia nzima. Rekodi hiyo huonyesha lori lilikuwa wapi na lini, na haimo mikononi mwa mwenye lori. Hutaipata kwa kuomba tu. Wakili ataomba amri ya mahakama.

Piga picha za eneo, alama za breki, nambari za pande zote za gari, na vibandiko vya bima. Chukua simu za mashahidi. Lori likiwa la nchi jirani, tafuta kadi ya njano ya COMESA, kwa kuwa ndiyo bima inayolifunika likiwa Kenya. Piga picha ya nambari yake kabla gari halijaachiliwa kurudi kwao.

Hatua ya 5: Chagua wakili, wala usichaguliwe

Kuna madalali wanaozunguka wodini na mochari wakiwa na fomu za kutia sahihi. Kutafutiana wateja kwa namna hiyo kumekatazwa na Sheria ya Mawakili, na anayeanza kazi kwa kuvunja sheria atashika pesa zako vipi? Thibitisha kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili Kenya kwamba wakili ana cheti cha mwaka huu. Mwone uso kwa uso. Makubaliano ya kumpa wakili asilimia ya fidia akishinda hayakubaliki kisheria Kenya. Ada hufuata kanuni za malipo ya mawakili, na mnaweza kuandikiana mapema. Omba nakala ya kila unachotia sahihi.

Kuna mgeni mwingine wa wodini: mtu wa bima aliyebeba hundi ndogo na vocha. Ukitia sahihi vocha inayosema umelipwa yote, umefunga mlango hata kama mguu utakatwa mwezi ujao. Usitie sahihi ukiwa kitandani.

Hatua ya 6: Notisi na muda

Dai la majeraha lina miaka 3 tangu siku ya ajali. Likihusu gari la serikali, ni miezi 12. Barua ya madai huenda kwa mwenye lori, nakala kwa bima. Halafu kuna notisi ya kisheria kwa bima kwamba kesi inafunguliwa, na hii si sawa na barua ya madai. Bila hiyo bima inaweza kukwepa kulipa hukumu. Sisi huipeleka kabla ya kufungua kesi, ikipigwa muhuri wa kupokelewa, na muhuri ule tunautunza kama hati ya shamba.

Usingoje kesi ya trafiki ya dereva iishe. Inaenda kivyake. Akipatikana na hatia, hukumu hiyo itakusaidia sana kama ushahidi. Akiachiliwa, dai lako bado liko hai, kwani kiwango cha uthibitisho ni cha chini zaidi.

Hatua ya 7: Kama mtu amefariki

Nendeni kwa chifu mpate barua inayotaja warithi wote, kisha mahakamani kuomba ruhusa ya muda ya kusimamia mirathi kwa ajili ya kesi. Kesi ya fidia iliyofunguliwa kwa niaba ya mirathi bila ruhusa hiyo ni batili, na haiponyeki kwa kuileta baadaye. Muda ni miaka 3 tangu kifo.

Hesabu kubwa ni ya utegemezi. Chukua fundi aliyekuwa akipata shilingi 30,000 kwa mwezi. Mahakama ikiona angeendelea kufanya kazi miaka 20, na theluthi mbili za kipato ziliwaendea mke na watoto, ni 30,000 mara 12, mara 20, mara theluthi mbili: shilingi 4,800,000. Sasa angalia. Bima ya lazima ina kikomo cha shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja. Milioni moja na laki nane zilizobaki hulipwa na mwenye lori. Kama hukumjua mwenye lori kwenye hatua ya pili, fedha hizo huna pa kuzidai. Bila ushahidi wa kipato, mahakama huangukia mshahara wa chini wa serikali, kwa hiyo tafuteni daftari la kazi, taarifa za M-Pesa, wateja wa kushuhudia.

Hatua ya 8: Mahakama na malipo

Hakimu mkuu anaweza kusikiliza madai hadi shilingi milioni 20, kwa hiyo nyingi ya kesi hizi hukaa kwa mahakimu. Utapelekwa kwa daktari wa upande wa pili. Nenda, na ueleze ukweli bila kuongeza wala kupunguza.

Bima isipolipa baada ya hukumu, wakili hufungua kesi nyingine fupi ya kutaka itamkwe kwamba inawajibika. Bima ikianguka na kuwekwa chini ya msimamizi, Hazina ya Kulipa Fidia Wenye Bima hulipa hadi shilingi 250,000 tu kwa dai, na hapo tena mali ya mwenye lori ndiyo tegemeo.

Pesa zikifika, huingia akaunti ya wateja ya wakili. Dai taarifa iliyoandikwa: kilicholipwa na bima, ada, gharama, kilicho chako. Akikuzungusha, peleka malalamiko kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili ukiwa na nakala ya hukumu na hizo karatasi ulizoomba siku ya kwanza.