Mkopo wa elimu ya juu na matumizi ya bumu Dar es Salaam

Mwanafunzi anayeomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu aanze na cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa uhakiki wake hufanywa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, na majina yakitofautiana na yale ya cheti cha kidato cha nne, marekebisho huchukua muda, na dirisha la maombi halimsubiri mtu. Akishapangiwa mkopo, asome mchanganuo wake kipengele kwa kipengele: fedha ya ada hupelekwa chuoni, ilhali ya chakula na malazi humfikia yeye mwenyewe. Hii ya pili, ambayo wanafunzi huiita bumu, ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa. Siku inapoingia, alipe kwanza kodi ya chumba, hasa kama amepanga Sinza au Changanyikeni kwa mwenye nyumba anayedai ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Kisha kiasi kilichobaki akigawe kwa idadi ya majuma hadi bumu lijalo, akiongeza majuma mawili, maana fedha huweza kuchelewa. Kupika pamoja na wenzake kutampunguzia gharama kuliko kula mgahawani kila siku. Akumbuke pia kwamba hili ni deni: akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi itakatwa kila mwezi mpaka limalizike.