Mkorosho mkongwe na uyoga wake

Mikorosho ya babu hapa Newala siikati eti kwa kuwa imezeeka. Nachunguza uyoga kwanza. Ule mdogo mweupe, wenye manyoya juu na mikunjo chini, kwa kawaida hula sehemu ya mti iliyokwisha kufa: ondoa tawi hilo lililokufa tu, usijeruhi uvimbe ulio pale tawi linapoungana na shina. Ule mgumu wa kahawia, unaong'aa kama umepakwa vanishi, ukiota shinani, shuku mizizi inaoza. Gonga shina usikilize kama lina uwazi. Siku za upepo watoto wasiokote korosho hapo, mti unaweza kuanguka. Kuubandua uyoga huo hakuponyi mti, mwili wake umo ndani ya mti. Ubwiri unga, ule weupe wa kwenye maua na majani machanga, ni ukungu mwingine. Huo ndio wa kupulizia salfa. Na tafadhali, msichome majani shinani!