Skii mpya hazina baindingi? Anza na buti, skii zifuate

Skii zinauzwa za aina mbili, kuna zile zinakuja na baindingi zake (kile kifaa kinachoshika buti juu ya skii) kabisa juu ya reli, hizo mara nyingi ni za kukata kona kwenye njia zilizolainishwa, unaiteleza baindingi kwenye reli inakaa na kazi imeisha, na kuna zile wanaita flati, ubao mtupu, baindingi unatafuta mwenyewe na fundi anatoboa. Haya maelezo ni ya hiyo aina ya pili. Nawaandikia zaidi walioko huku Colorado na wenzetu wa Calgary, Austria, Norway na kwengineko ambako watoto wakishaanza skii shule na sisi wazazi tunajikuta tumeingia bila kupanga. Wa Dubai mnaoenda Ski Dubai kule Mall of the Emirates hamna haja ya haya, kodini vifaa vya pale pale mteleze mrudi nyumbani.

Sasa watu wengi wakifika dukani wanauliza baindingi gani inaendana na skii hizi. Swali lenyewe limeanzia pabaya. Skii inaamua kitu kimoja tu, upana wa breki. Vingine vyote vinaamuliwa na buti lako na mwili wako, yaani soli ya buti ni ya aina gani na ina urefu gani, we una kilo ngapi, urefu gani, umri gani na unatelezaje. Kwaiyo ukienda dukani kuulizia baindingi beba buti, ukisahau skii nyumbani sio shida, andika tu upana wake wa katikati.

Tuanze na hilo buti. Ligeuze uangalie soli. Kama ni plastiki ngumu, imenyooka, ukitembea nayo kwenye lami ya parking unatembea kama roboti, hiyo ni soli ya kawaida ya mteremko, kiwango chake ni ISO 5355. Kama ina raba na imepinda kidogo mbele, na pembeni imeandikwa GripWalk, hiyo ni ISO 23223 na buti nyingi za siku hizi ndo ziko hivyo. Ya tatu ni soli ya kupandia mlima kwa miguu, ISO 9523, ina raba nene yenye meno kama ya buti la kawaida la milimani. Hizi tatu hazina kimo kimoja pale mbele kwenye vidole na hazitelezi sawa, na hapo ndipo hatari ilipo, maana baindingi ya zamani ya soli ya kawaida ukiibandika buti la GripWalk inaweza kulipokea vizuri tu, inalia klak, unasimama, unaona poa, ila siku ukianguka ile raba inang'ang'ania na mguu hautoki. Kuingia kwa buti sio ushahidi wa chochote.

Baindingi za sasa nyingi zimeandikwa GripWalk au GW, hizo zinapokea soli ya kawaida na ya GripWalk zote mbili. Ukitaka inayopokea na ya kupandia mlima tafuta iliyoandikwa MNC kwa Salomon na Atomic, au Sole.ID kwa Marker, ila fundi lazima arekebishe kimo cha kile kibati kinachokaa chini ya vidole kulingana na buti lako. Ukibadilisha buti mwakani, unarudi kwa fundi. Hata buti likiwa size ile ile.

Ukiwa bado umelishika buti soma urefu wa soli, umechorwa kwenye plastiki upande wa kisigino, namba kama 295mm, 305mm, 317mm. Hiyo sio size ya mguu, ni urefu wa ganda lenyewe, na watu wawili wenye size moja ya mguu wanaweza kuwa na ganda tofauti. Iandike kwenye simu, utaulizwa kila mahali.

Halafu inakuja namba ya DIN, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo pesa zinapotea na miguu inavunjika.

Baindingi kazi yake ni mbili zinazogombana, ikushike wakati unateleza na ikuachie wakati unaanguka. Zamani zilikuwa zinashika tu. Kuna Mnorwei mmoja aliyehamia Portland, Oregon, anaitwa Hjalmar Hvam, alivunjika mguu mwaka 1937 ndo akabuni baindingi ya kuachia, akaiita Saf-Ski, na zote unazoziona leo zinafuata wazo hilo hilo. Namba ya DIN ni kipimo cha nguvu inayohitajika ili ikuachie. Ndogo inaachia mapema, kubwa inachelewa. Basi. Namba kubwa haimaanishi baindingi bora wala wewe mkali.

Namba yenyewe haikisiwi, inatoka kwenye jedwali la ISO 11088 ambalo kila duka linalo. Wanachukua kilo zako na urefu wako, vikitofautiana wanafuata kile kinachotoa namba ndogo, halafu wanauliza we ni mtelezaji aina gani: I ni mtu wa taratibu, II wa kati, III ni wa kasi na miteremko mikali. Ukiwa na miaka 50 kuendelea wanashuka ngazi moja. Mwisho wanaangalia urefu wa soli, soli ikiwa ndefu namba inashuka kwa sababu buti refu linakuwa wenzo mrefu, linauzungusha mguu kirahisi zaidi.

Chukua mfano, tuseme Juma ana kilo 75, urefu sentimita 178, miaka 34, soli milimita 305, aina II. Jedwali linamweka kwenye 5 na nusu hivi. Akijiita aina III inapanda kama 6 na nusu. Haya, sasa Juma huyo huyo anaingia mtandaoni anakuta Marker Jester 16 imepunguzwa bei, rangi nzuri, anataka kuinunua. Jester inaanzia 6 inaishia 16. Namba yake ya 5 na nusu haimo hata ndani! Look Pivot 18 ndo kabisa, inaanzia 8. Marker Griffon 13 inaanzia 4 mpaka 13, hiyo inamfaa, na Squire 11 inayoanzia 3 mpaka 11 inamfaa pia tena kwa bei nafuu zaidi na nyepesi. Unachotafuta ni namba yako ikae mbali na ncha zote mbili, sio imebanwa kabisa chini wala imekazwa kabisa juu, ili ukiongezeka kilo au ukizoea uwe na nafasi ya kusogeza.

Wanaohitaji 12, 15, 18 wapo. Sabrina Simader aliyeiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang 2018 alikuwa anashuka kwenye barafu ngumu kwa mwendo ambao skii zinatetemeka muda wote, wanamashindano wanakaza juu kwa sababu baindingi ikiachia yenyewe pale katikati ya kona ni hatari kuliko kutoachia. We na mimi tunashuka njia ya bluu, isiyo ngumu sana, huku tunamsubiri mtoto.

Na jamani, dukani msidanganye. Fomu inauliza kilo, dada anaandika za kabla ya harusi. Inauliza aina, kaka anatiki III kwa sababu mke wake amesimama pembeni. Ukipunguza kilo kwenye fomu baindingi itakuachia ovyo, ukijipandisha aina itachelewa kukuachia, na fomu umesaini mwenyewe.

Kitu kimoja watu hawaambiwi ni kwamba baindingi ya kawaida inaachia njia mbili tu kubwa, mbele inafunguka ukizungusha mguu pembeni, nyuma inafunguka ukiangukia mbele kisigino kikanyanyuka. Inalinda sana mfupa wa muundi. Goti hailindi hivyo, kule kuanguka kwa kukaa nyuma huku skii moja inajizungusha kunaweza kukata kano ya ndani ya goti na baindingi ikabaki imefunga vile vile, na hiyo haitibiwi kwa kununua ya bei ghali.

Breki sasa. Ni vile vyuma viwili vinavyoshuka buti likitoka ili skii isikimbie mteremkoni ikampiga mtu. Inabidi breki iwe na upana sawa na kiuno cha skii, yaani ule upana wa katikati, au izidi kidogo, isizidi kama milimita 15. Tuseme umenunua Völkl Mantra M6, katikati ni milimita 96, Marker wana breki za 90, 100, 110, 120, unachukua 100. Ya 90 haitashuka, itakwama juu ya ubao. Ya 120 itashuka vizuri ila ukilalia kona kile chuma kinagusa theluji, utakiona kinachora mstari wake pembeni ya mstari wa skii, na kikinasa kwenye theluji ngumu unaanguka bila kuelewa nini kimekuangusha. Kila kampuni ina saizi zake, Look wanazo za 95 na 115 kwa mfano, kwaiyo usibebe namba ya kampuni moja ukaiagiza kwa nyingine. Wako watu wanakunja breki kwa mkono ipite, milimita moja mbili sawa, zaidi ya hapo nunua saizi yako.

Ukishapata aina ya soli, DIN na breki, zilizobaki ndo unaweza kuchagua kwa roho inavyopenda. Griffon, Tyrolia Attack, Salomon Strive, zote zitakufanyia kazi, na zinachezea kama dola 200 mpaka 300 na mwisho wa msimu zinashuka. Look Pivot ina sifa yake kwamba kisigino kinazunguka na inavumilia mitikisiko kabla ya kuachia, wanaozipenda wanazipenda kweli, ila ni nzito na bei imechangamka, na kuivaa kwenye theluji laini ya kina inasumbua kwa sababu kile kisigino kinageuka geuka wakati unakitafuta kwa buti. Kuna na za demo, zina reli, zinasogea bila kutoboa upya, nzito kidogo lakini kama skii moja mnapokezana mama na binti nisingefikiria nyingine. Zile za kupandia mlima za pini, Dynafit na wenzake, ni habari nyingine kabisa, kama kazi yako ni lifti juu, skii chini, usinunue.

Za watoto msinunue kwa kusema atakua. Mtoto mwepesi anaweza kuhitaji DIN ya 1 au 2, ukimpa yenye kuanzia 3 umemfunga miguu na kamba. Na soli za buti za watoto wadogo ni ndogo kuliko za wakubwa, baindingi lazima iseme inapokea za watoto.

Mitumba je? Marketplace na mauzo ya skii za mkono wa pili ya mwezi wa kumi yana vitu vizuri, lakini kila mwaka kampuni zinatoa orodha ya baindingi wanazozidhamini bado, isiyokuwepo kwenye orodha duka halitaigusa hata uwalipe. Kabla hujatoa hela piga picha jina la modeli, mtumie fundi, muulize ipo kwenye orodha? Plastiki inazeeka hata kama ilikaa kabatini.

Kufunga mpe fundi. Najua kuna wenye drili nyumbani wanaona skrubu nane tu. Ila kila modeli ina kiolezo chake cha kutobolea, kina cha tundu ni milimita 9, skii yenye bati la chuma ndani inatobolewa kwa biti ya milimita 4.1 na isiyo na bati kwa ya 3.5, skrubu ni za Pozidriv namba 3 sio bisibisi ya msalaba ya kawaida, ukikosea tundu linatokea upande wa pili na skii mpya imekuwa pambo la ukutani. Mwambie tu fundi afunge kwenye alama ya kiwanda, alama ya katikati ya soli ya buti ikae juu ya mstari wa katikati ya skii, kusogeza mbele au nyuma waachie wanaojua kwa nini wanasogeza.

Ukienda kuchukua, usiondoke haraka. Muombe aweke buti mbele yako akuonyeshe kile kiashiria cha mgandamizo nyuma ya kisigino, kwenye baindingi nyingi ni kipande kidogo cha chuma au skrubu inayotakiwa ikae sawa na alama yake buti likiwa ndani. Kikiwa kimepitiliza au hakijafika, namba ya DIN uliyoilipia haina maana. Muulize pia kama wana ile mashine ya kusokota buti inayopima baindingi inaachia kweli kwenye nguvu ilivyoandikwa, maduka mazuri yanayo, na kila mwanzo wa msimu rudia kipimo.

Na mkibeba juu ya gari kupanda barabara kuu ya I-70 zifunikeni, ile dawa ya barabarani ya kuyeyusha barafu inaingia kwenye springi. Mlimani napo kabla ya kukanyaga ndani kwangua theluji chini ya buti, hata donge dogo pale chini ya vidole linanyanyua buti na kubadilisha kila kitu fundi alichopima.