Kutoa kutu chini ya boneti ya Land Rover ya zamani, kwa hewa ya Tanga

Gari linalolala Raskazone, mtaa wa Tanga ulio kando ya bahari, hushika chumvi hata lisipokanyaga mchanga wa pwani. Chumvi ikibaki kwenye bati, rangi yoyote itavimba, maana hunyonya unyevu na kutu huendelea chini kwa chini. Kwa hiyo kazi huanza na maji, msasa baadaye.

Hatua ya 1. Fungua kwanza kebo ya betri iliyofungwa kwenye bodi (kwa kawaida ya hasi), kisha toa betri na radieta. Piga picha nyaya zote. Ziba kabureta na distributa kwa nailoni.

Hatua ya 2. Sugua mafuta na grisi kwa mafuta ya taa, osha kwa sabuni ya unga, suuza mara tatu kwa maji ya bomba. Maji ya kisima yaache; visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Mahali inapokaa betri, mwagia baking soda vijiko 4 kwa lita 1 ya maji, rudia mpaka povu likome.

Hatua ya 3. Chokoa kwa bisibisi ukuta wa chuma unaotenga injini na kabini, hasa pembe za juu na sehemu za miguu. Ikizama, kata hadi ufikie bati zima, uchomelee kiraka. Kuziba tundu kwa puti ni kupoteza pesa: nyuma yake chuma kinaendelea kuliwa.

Hatua ya 4. Bolti na vyuma vidogo loweka kwenye molasi, ile wanayolishwa ng'ombe: lita 1 kwa lita 9 za maji, wiki moja hadi mbili. Usitie aluminiamu, italiwa.

Hatua ya 5. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Brashi ya waya ya grenda ikikandamizwa hung'arisha kutu badala ya kuitoa. Bati linakuwa la kahawia linalometa, unadhani limetakata. Pitisha msasa namba 80, uangalie vishimo kwenye mwanga mkali. Vidoa vyeusi ndani yake ni kutu. Vipake asidi ya fosfori kwa brashi, viache vibaki vibichi kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, sugua, kisha suuza sana. Asidi ikibaki, praima ya epoksi (rangi ya kwanza ya kushika chuma) haishiki. Vaa glovu na miwani.

Hatua ya 6. Kausha kwa kompresa, futa kwa thina, piga praima siku hiyohiyo. Chuma kitupu kikilala usiku mmoja hapa, asubuhi kimeshapata wekundu. Epoksi tabaka mbili, kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, umande ukiwa umekwisha. Masika si wakati wake. Rangi ya juu yenye hadina (dawa ya kugandisha rangi) inataka barakoa ya vichujio vya kemikali. Kitambaa hakizuii kitu.

Hatua ya 7. Mabawa (madigadi) ya Land Rover hizi za zamani ni aluminiamu. Yanapogusana na chuma hutoa unga mweupe, kwa hiyo weka mpira katikati. Mwishowe kwangua rangi pale kebo ya betri inapofungwa kwenye bodi, kaza, kisha paka grisi juu. Ikikazwa juu ya rangi, staata itazunguka kwa uvivu.