Umekabidhiwa hela za watu? Namna ya kukaa nazo bila kuharibika

Hapa Dar karibu kila mtu inafika siku anabeba hela isiyo yake. Mweka hazina wa kikoba, mjumbe wa kamati ya harusi, anayekusanya rambirambi, na yule ambaye kaka yake yuko Oman anamtumia hela asimamie ujenzi Chanika. Watu wanakuchagua kwa sababu "huyu ni mwaminifu", wanapiga makofi, kikao kinafungwa, na hakuna hata mmoja anayekwambia hela ikikaa kwako inakufanyaje kichwani. Mimi nilikabidhiwa michango ya harusi ya binamu yangu kule Tabata nikafika pabaya, ndo maana naandika.

Tunapenda kuamini anayekula hela za kikundi ana tamaa au alikuwa mwizi tangu zamani. Sio hivyo. Mmarekani mmoja mtaalamu wa mambo ya uhalifu, Donald Cressey, aliwahoji wafungwa waliofungwa kwa kula hela walizoaminiwa, akatoa matokeo yake mwaka 1953, na alichokuta kwao ni mambo matatu yanayokwenda pamoja: mtu ana shida ya hela anayoona hawezi kumwambia yeyote, anajua njia ya kuichukua bila kushtukiwa, na ana maneno ya kujiambia ili aendelee kujiona mtu mwema. Maneno yenyewe mara nyingi yalikuwa haya haya yetu, naazima tu, nitarudisha.

Kwangu ilikuwa kodi ya miezi sita. Kazini tulishapunguzwa na mke wangu nilikuwa sijamwambia, kila asubuhi natoka nimevaa vizuri kabisa, mwenye nyumba anapiga simu napokelea nje, siku moja nikatoa elfu themanini kwenye laini ya harusi nikajiambia Ijumaa naziweka. Sikutetemeka. Ijumaa ikapita nikatoa tena, na ya pili ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza, hicho ndo kilichonitisha baadaye.

Kwahiyo cha kwanza kabisa, kabla hujapokea hata shilingi, toa shida yako nje. Sio ukaitangaze kwenye grupu la WhatsApp, tafuta mtu mmoja tu, mke, dada, rafiki wa kweli, umwambie nadaiwa kiasi hiki na hivi ndivyo nilivyobanwa. Shida ikishajulikana na mtu wa pili inatafutiwa njia, ikibaki kwako peke yako itaanza kuziangalia hela zilizo karibu. Na kama umebanwa kweli kweli sema kwenye kikao naombeni mwingine ashike awamu hii, hakuna aibu hapo.

Halafu tenga laini. Usichanganye hela ya kikundi na laini yako unayonunulia umeme na vocha, maana zikichanganyika salio linasoma namba moja tu na kichwa chako kinaanza kuihesabu yote kuwa yako. Kila jioni piga picha ya salio utume kwa wenzako wawili, hata siku ambayo hakuna kilichoingia. Vikoba vya sanduku vililiona hili mapema, sanduku lina kufuli tatu na funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti, ila hakikisheni hao watatu sio wa nyumba moja, nimeshaona mama na wanae wawili wanashika zote na watu wanasema ni sawa tu.

Gharama zako pia ziandikwe tangu mwanzo, nauli, makato ya kutolea, vocha. Watu wanalipuuza hili. Mweka hazina anayelipa makato mfukoni mwake miezi mitatu bila mtu kumwambia asante ataanza kujiambia "hata nikichukua buku tano nimestahili", na akishaizoea hiyo buku tano haitakaa buku tano.

Lingine, hela iwe na sura. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya utafiti mmoja mkubwa, nchi 40 ikiwemo Kenya, watafiti walipeleka pochi zaidi ya elfu 17 kwenye mapokezi ya mabenki, mahoteli na ofisi wakidai wameziokota, wakaona zipi zitarudishwa kwa mwenyewe. Zisizo na hela zilirudi asilimia 40, zenye hela asilimia 51! Kinyume na tulivyotegemea wengi. Maelezo yao ni kwamba hela ikiwepo mtu anaona akikaa nayo anakuwa mwizi, na hapendi kujiona hivyo, tena anamfikiria mwenye mali. Kwenye daftari lako usiandike "mchango 50,000" ukaishia hapo. Andika Mama Zuhura, muuza vitumbua, 50,000. Jaribu kuichukua hiyo uone.

Faini nazo mziangalie. Haifa, Israeli, shule kadhaa za watoto wadogo ziliweka faini kwa wazazi wanaochelewa kuchukua watoto, waliochelewa wakaongezeka karibu mara mbili, faini ikaondolewa na bado hawakurudi kama zamani. Kuchelewa kulikuwa kosa, kukageuka huduma unayolipia. Kikoba kinachotoza buku kwa anayechelewesha marejesho kitapata watu wanaolipa buku kwa amani kabisa, bora aliyechelewa asimame aeleze mbele ya wenzake.

Na kama tayari umeshachukua, sema kabla ya siku ya mahesabu. Andika kiasi kamili, usipunguze, nenda kwa mwenyekiti na ratiba ya kulipa. Mimi nilikwenda kwa shangazi aliyekuwa anaongoza kamati, laki moja na sitini, akanyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza mkeo anajua? Nikasema hapana. Akasema basi anza nyumbani, mimi nitakusubiri mpaka Jumapili.