Oili yako ya injini imekataliwa patenti Marekani kisa "ni jambo la wazi"? Fanya hivi kabla ya rufaa

Kwanza usikurupuke. Rufaa inakubalika madai (yale unayotaka patenti iyalinde) yakishakataliwa mara 2, kwa hiyo nafasi ya kujipanga unayo. Soma mkaguzi wa ofisi ya patenti kaegemea wapi. Mara nyingi kachukua patenti mbili za zamani, moja ina oili yenye dawa ya kusafisha ya kalsiamu, nyingine ina magnesiamu, halafu anasema mtaalamu yeyote wa kawaida angezichanganya. Tangu kesi ya KSR ya 2007, ya Mahakama Kuu ya Marekani, wakaguzi wamepata uhuru zaidi, ila bado lazima aeleze kwa nini mtu angechanganya, sio kwamba angeweza tu. Mbane hapo.

Ila kwenye oili vita yenyewe ni asilimia. Umedai fosforasi asilimia 0.06 mpaka 0.08, patenti ya zamani inasema 0.01 mpaka 0.2, yako imo ndani ya yao, basi mzigo wa kuthibitisha ushahamia kwako na maneno matupu ya wakili hayakuokoi, inatakiwa data. Tafuta kwao ule mfano unaofanana zaidi na oili yako, utengeneze maabara kama walivyouandika, halafu pima zote mbili kwenye injini ileile, kilichobadilika kiwe kiungo kile unachobishania tu. Tuseme unapigania injini za turbo, mafuta kujiwasha kabla plagi haijatoa cheche, hesabu imetokea mara ngapi kwa kila oili, weka kwenye jedwali. Sasa hapa ndo watu wanaangukia na inaniuma kweli, mtu ana oili nzuri kabisa, kapima 0.07 peke yake! Majaji wa bodi ya rufaa ya ofisi ya patenti watamwambia nukta moja haibebi masafa yote. Pima chini, katikati, juu, na nje kidogo ya mipaka, ama punguza madai.

Data iingie kwa hati ya kiapo ya mkemia, mapema, kabla mkaguzi hajakukatalia kwa mwisho, manake ukishapeleka notisi ya rufaa ushahidi mpya unapita kwa tabu sana. Kuanzia notisi una miezi 2 kupeleka hoja, na usiyoiandika humo ihesabu imepotea. Mkaguzi akijibu una miezi 2 tena ya kumjibu, na kama unataka kusikilizwa kwa mdomo omba ndani ya muda huohuo. Kwa kawaida wanakaa majaji 3. Wakikugomea una siku 63 kwenda Federal Circuit, mahakama ya rufaa inayosikiliza kesi za patenti, na kule wanasoma faili lilelile, jaribio ulilosahau huliongezi tena.