Mzazi mzee anapotakiwa kuhakikiwa benki

Iwapo nyumbani mna mzazi mzee au mgonjwa ambaye benki inataka kumhakiki upya kwa namba ya NIDA (Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa ya Tanzania) na alama za vidole, msimpeleke kabla ya mmoja wenu kufika tawini na kumweleza meneja hali yake. Vidole vya mtu aliyelima kwa jembe la mkono miaka mingi hulika hata mashine ikakataa kuvisoma, naye akabaki amesimama kwenye foleni kana kwamba si yeye. Ombeni vijaribiwe vidole vingine, maana NIDA huchukua alama za vidole vyote, si za dole gumba peke yake. Linganisheni pia majina ya kitambulisho na yale ya akaunti, kwani herufi moja inatosha kukwamisha. Kama hawezi kuinuka kitandani, ulizeni kwa barua iwapo ofisa anaweza kumfuata nyumbani. Namba yake ya siri isiwe njia ya mkato, hata kwa mtoto anayeaminika (ugomvi wa urithi unaweza kuanzia hapo). Afadhali hati ya uwakilishi, inayomruhusu mtu mwingine kutenda kwa niaba yake, iandaliwe kwa wakili angali na akili timamu, kwa sababu akishapoteza kumbukumbu hataweza tena kuitoa.